Zamu ya Jioni, Julai

Jumanne, Alhamisi, Jumamosi,
saa kumi na mbili jioni hadi saa nne,
tunakaa safu moja kwenye viti vya ngozi bandia.
Damu inatoka, inasafishwa, inarudi,
na ukutani televisheni moja
inatuonyesha Wachomeleaji wa Erie wakifungwa.

"Mrushaji gani huyu," anasema Bernadette Wojcik,
sindano mbili mkononi, blanketi hadi kidevuni
ingawa nje lami inayeyuka.
"Ngwe ya tatu tu, keshachoka.
Mpira wake unafika ukiwa umeshaomba radhi."

Odell Pruitt hajibu upesi.
Aliendesha treni za mizigo miaka thelathini na mmoja,
hata sentensi haianzi kabla hajatazama nyuma.
Ana daftari la kijani. Anaandika kwa kulia;
mkono wa kushoto ni wa mashine.
"Mkono ni mzima," anasema. "Mguu ndio unaomponza.
Tangu Mei anautua mapema,
bega linabaki nyuma, linauliza wenzake wameenda wapi."

Mimi nasema ugonjwa uko kwenye magongo.
Michezo themanini na tisa tumeshacheza,
na Lucho Berrocal, ambaye Aprili
tulimshangilia hadi koo zikakauka
(sisi, tunaopimiwa maji kwa kikombe),
sasa anazungusha gongo kama mtu anayefukuza nyuki.

"Simba kanyeshewa," anasema Odell. "Usimwite paka."
"Kanyeshewa miezi miwili?" anasema Bernadette.
"Huyo sasa ni samaki."

Kisha kuna suala la soko.
Tarehe thelathini na moja linafungwa,
na Bernadette angeuza wote:
warushaji, wapigaji, kocha, hata mwenye kufyeka nyasi.
Kijana Desmond, kiti cha mwisho,
anavua vipokea sauti sikio moja:
"Wakimtoa Berrocal, watapewa nini?"
"Figo mbili," nasema, "na mdakaji wa akiba."

Tulicheka mpaka mkono wa Bernadette ukatikisika
na mashine yake ikaanza kupiga kelele.
Marisol akaja mbio, akabonyeza, akatukemea,
naye mwenyewe kauma mdomo asicheke.
Halafu kicheko kikaisha wote kwa pamoja.
Desmond yuko kwenye orodha mwaka wa pili.
Bernadette walimtoa Machi. Moyo, walisema.
Alhamisi ile aliingia, akatundika koti,
akauliza nani anaanza kurusha Jumapili.

Ngwe ya saba. Tuko nyuma, tano kwa moja.
Mashine yangu inamaliza, Marisol anachomoa sindano,
nami nabana pamba kwa vidole viwili,
dakika kumi, bila kuchungulia.
Berrocal anaingia na gongo lake.
Anakosa. Anakosa tena. "Ona," anasema Bernadette.

Ila mpira wa tatu anauparuza, unatoka nje ya mstari.
Mmoja anauacha upite.
Anaparuza, anaparuza, anaacha,
anaparuza mwingine ukaangukia kwenye ndoo ya barafu.
Dakika kumi zangu zimepita na bado nimebana.
Odell naye kamaliza, koti begani, hajainuka.
Anaacha mwingine. Hapana mtu anayesema kitu.
Mpira wa kumi na mbili unapita chini, vumbi tupu,
na Berrocal anaweka gongo majanini, taratibu,
anatembea kwenda kituo cha kwanza, bure,
kama mtu aliyesamehewa deni dogo.

"Hakupiga," anasema Bernadette.
"Hakupiga," anakubali Odell,
na anaandika, kwa kalamu ya wino,
herufi moja ndogo kwenye mraba wake.

Tulifungwa sita kwa moja.
Marisol alizima televisheni, akatupima uzito.
Mlangoni Bernadette alinishika kiwiko, ule mkono mzuri:
"Mguu wa mbele," alisema. "Nimeutazama.
Yule mzee wa treni hakukosea."